Je, kumleta mtoto duniani ni kumdhulumu?

SWALI

Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mwanamke wa miaka 28, nakaa Mbagala, nimeolewa huu mwaka wa tatu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na selimundu (sickle cell), akafariki akiwa na miaka 15. Nusu ya utoto wangu niliumalizia wodini. Maumivu yakimshika, mama alikuwa anamkanda miguu kwa maji ya moto, naye anaung'ata upindo wa kanga ili wagonjwa wengine wasimsikie. Siku moja aliniuliza, "Dada, mimi nilimkosea nani?"

Siku hizi nimekuwa nikisikiliza mihadhara ya wanafalsafa wanaosema kuzaa ni dhulma: hakuna aliyeomba kuzaliwa, kila anayezaliwa ataumia na atakufa, na asiyezaliwa hakosi kitu. Nikitafuta kosa kwenye hoja hiyo silioni. Mume wangu anasema atanisubiri, lakini mama mkwe kila Ijumaa lazima aulize. Je, nitakuwa na dhambi nikiamua kutozaa kabisa? Kuwaza hivi kumenitoa kwenye imani? Na kinachonitisha kuliko yote: nikizaa, halafu mwanangu akaja kuwa mtu wa Motoni?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Allah amrehemu mdogo wako, amfanyie wepesi mama yako, na akufungue kifua.

Kuwaza hivi hakujakutoa kwenye Uislamu. Swali lako lina umri mkubwa kuliko hao wanafalsafa, na wa kwanza kuliuliza ni malaika. Allah alipowaambia kwamba ataweka khalifa katika ardhi, walisema: "Utaweka humo atakayefanya uharibifu na kumwaga damu?" (Al-Baqara, 30). Waliiona damu kabla haijamwagika. Hawakufukuzwa wala hawakulaaniwa. Waliambiwa, "Mimi najua msiyoyajua," kisha Adam akafundishwa majina ya vitu vyote, na malaika wakaoneshwa jambo ambalo hawakuwa wamelitia kwenye hesabu yao.

Na hamu ya kutokuwepo imewapitia watu bora kuliko sisi. Maryam, uchungu wa uzazi ulipompeleka kwenye shina la mtende, alisema: "Laiti ningekufa kabla ya haya, nikawa kitu kilichosahaulika kabisa" (Maryam, 23). Umar bin Khattab (r.a.) imepokewa kwamba aliokota kijiti chini akasema laiti angekuwa kijiti hicho, laiti mama yake asingemzaa. Umar aliyasema hayo kwa kuogopa kuhesabiwa mbele ya Mola wake. Hakuona kwamba uumbaji ni kosa, na yeye mwenyewe alioa na akazaa.

Sasa tuitazame hoja yenyewe. Umesema hulioni kosa lake, na sitaki nikuzibe mdomo kwa aya kabla sijaipa hoja haki yake.

Anayejulikana zaidi kwayo zama hizi ni David Benatar, mwanafalsafa wa Afrika Kusini aliyefundisha Chuo Kikuu cha Cape Town, katika kitabu alichokitoa mwaka 2006. Anasema hivi: mtu akiwepo, maumivu yake ni mabaya na raha zake ni nzuri. Asipokuwepo, kukosekana kwa maumivu ni jambo jema, hata kama hakuna wa kulifurahia. Lakini kukosekana kwa raha si jambo baya, kwa sababu hakuna wa kuzikosa. Ukipima hivyo, kutozaliwa kunashinda kila mara, hata kwa mtu ambaye angeumia siku moja tu maisha yake yote.

Watu wanadhani haya ni mambo ya Wazungu. Si kweli. Katika nyumba yetu wenyewe alikuwepo Abul-Alaa al-Ma'arri, mshairi wa Sham (Syria ya leo), aliyezaliwa mwaka 973 na kufa 1057. Ndui ilimpofusha akiwa mtoto mdogo. Alijiita mfungwa wa magereza mawili, upofu wake na nyumba yake. Hakuoa, na aliacha kula nyama kwa kuwahurumia wanyama. Inasimuliwa kwamba aliusia kaburini kwake paandikwe: "Hili ndilo alilonitendea baba yangu, nami sikumtendea yeyote." Maulamaa walikhitalifiana juu yake, wako waliomtuhumu uzandiki, yaani kuficha ukafiri, na wako waliomtafutia udhuru. Mimi nikiyasoma maneno yake namuona mtu aliyeumia, na hoja ya mtu aliyeumia haitukanwi, hujibiwa.

Kosa liko hapa. Umewahi kupita kwenye kiwanja kitupu kule Chanika au Kigamboni? Hakina nyumba, kwa hiyo hakuna bati linalovuja. Lakini hakuna mtu atakayesimama pale mvua za masika aseme, "Kiwanja hiki kimeneemeka, hakivuji." Kwa nani kimeneemeka? Asiyekuwepo hapati faida ya kutoumia, kama ambavyo hapati hasara ya kutofurahi. Mizani hiyo inamhesabu asiyekuwepo kuwa ni mtu upande wa maumivu, halafu inamfuta upande wa raha. Akiwa mtu, awe mtu pande zote mbili. Akiwa si mtu, basi hakuna aliyeokolewa.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, aliligusa jambo hili akizungumzia azli, yaani mume kumwaga nje ili mke asishike mimba. Katika mlango wa ndoa wa kitabu chake Ihya anasema azli haifanani na kutoa mimba wala kumzika mtoto hai, kwa kuwa hayo ni jinai juu ya kitu ambacho kimeshapatikana. Haki huanza pale anapoanza kuwepo mwenye haki. Msingi huo unakata kuwili: asiyezaliwa hujamdhulumu kwa kutomleta, wala hujamfanyia hisani. Kwa hiyo, binti yangu, usijione muuaji ukichelewa kuzaa, na usijione mwokozi ukikataa.

Linabaki la ruhusa, "hakuniomba." Wapo masheikh wanaolijibu kwa kusema: mbona mtoto humuombi ruhusa kumpa matone ya polio? Jibu hilo mimi halinitoshelezi. Mwenye hoja atakwambia chanjo inamkinga mtoto na baya kubwa zaidi, ilhali kuzaliwa hakukumkinga na chochote. Na atakuwa amesema kweli. Sisi tunajibu kwa njia nyingine. Hoja yote hii inamfanya mzazi kuwa ndiye muumba, kisha inamshitaki. Allah anauliza: "Mnaionaje hiyo mbegu mnayoitoa? Ni nyinyi mnaoiumba, au Sisi ndio waumbaji?" (Al-Waqia, 58–59). Mzazi ni sababu. Wangapi hapa Dar wametafuta mtoto miaka kumi, wakamaliza hospitali na wakamaliza dua, wasipate? Na wangapi walimeza vidonge kila siku na bado wakashika mimba? Maswahaba walipomuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya azli, aliwaambia hakuna nafsi ambayo Allah ameandika iwepo mpaka Siku ya Kiyama ila itakuwepo. Basi swali la "kwa nini nimeletwa" linapanda juu ya kichwa cha mama na baba, linafika palepale walipolifikisha malaika.

Nikusimulie kitu changu. Mtoto wetu wa pili alikuwa wa kike. Siku ya saba tulimfanyia akika, tukamnyoa, bibi yake akazikunja zile nywele kwenye pamba. Siku ya tisa alifariki. Mtoto wa umri ule hahitaji jeneza. Nilimbeba mikononi toka nyumbani mpaka makaburini, mtu ananifunika na mwavuli, na njia nzima nilikuwa namshika kama mtu anayeogopa kumwamsha. Usiku ule mke wangu aliniuliza karibu neno kwa neno ulilouliza wewe: kama ndiyo hivi, aliletwa kufanya nini? Nilikuwa nimeshasoma vitabu vyote hivi ninavyokutajia, na sikumjibu hata herufi. Nilikaa naye tu mpaka adhana ya alfajiri. Sasa ni miaka 26, na kila akimaliza swala humtaja kwa jina lake. Sijawahi kumsikia akisema bora asingekuja. Si hoja hiyo, najua. Nakueleza ili ufahamu kwamba ninayekuandikia sikuyakuta maumivu kwenye karatasi.

Na Qur'ani haikuficha. "Hakika tumemuumba mwanadamu katika taabu" (Al-Balad, 4). Mtume mwenyewe aliwazika watoto wake wote isipokuwa Fatima, na alipomshika mwanawe Ibrahim akikata roho alilia, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu.

Wanafalsafa wanahesabu maumivu toka kuzaliwa hadi kaburini, wanafunga daftari. Ukifunga daftari hapo, nakubali, hesabu ya mdogo wako inatisha. Sisi daftari letu halijafungwa. Katika Sahih Muslim, kutoka kwa Anas, Mtume (s.a.w.) amesema ataletwa mtu aliyekuwa na shida kuliko wote duniani katika watu wa Peponi, achovywe Peponi mara moja, kisha aulizwe: umewahi kuona shida yoyote? Atasema, "La wallahi, ee Mola wangu." Mchovyo mmoja tu. Na mdogo wako alipouliza alimkosea nani, jibu lake ni kwamba hakumkosea mtu. Hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim inasema muislamu hapatwi na uchovu, wala maradhi, wala huzuni, hata mwiba unaomchoma, ila Allah humfutia kwayo makosa yake. Kama una sauti ndani yako inayokwambia alikuwa anaadhibiwa, au jirani aliwahi kukwambia hivyo, huyo jirani alikosea.

Hofu yako ya Moto ni nzito kuliko hoja ya wanafalsafa, na ndiyo inayonionesha kwamba imani yako iko mahali pake. Kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, na hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine. Nabii Nuh alikuwa na mwana aliyekataa kupanda jahazini akazama. Allah alimwambia Nuh asiombe jambo asilo na ujuzi nalo, lakini hakumlaumu popote kwa kumzaa. Utakachoulizwa ni ulinzi wako, "Jikingeni nafsi zenu na watu wenu na Moto" (At-Tahrim, 6). Hutaulizwa mwisho ambao hukuuandika.

Kuna mjadala maarufu katika elimu ya tauhidi. Abul-Hasan al-Ash'ari alimuuliza mwalimu wake al-Jubbai, aliyekuwa akisema kwamba Allah analazimika kumfanyia kila mja lile lenye maslahi zaidi kwake: ndugu watatu, mmoja mwema, mmoja kafiri, mmoja alikufa mtoto, hali zao zikoje? Akajibu, mwema ana daraja, kafiri ameangamia, mtoto amesalimika. Al-Ash'ari akasema: mtoto akilalamika, "Mbona hukuniacha niishi nikapata daraja la kaka yangu?" Al-Jubbai akasema: ataambiwa ilijulikana angekua angeasi, kwa hiyo kufa kulikuwa maslahi yake. Al-Ash'ari akasema: basi yule kafiri atapiga kelele, "Mola wangu, ulijua hali yangu kama ulivyojua yake, mbona hukunichukua utotoni?" Mwalimu akanyamaza. Wenye kutaka kupima uumbaji wa Allah kwa mizani ya maslahi kama mzani wa sokoni, wote huishia kwenye ukimya ule, na Benatar naye yumo.

Tuje kwenye hukumu. Kuzaa ni jambo linalopendeza sana katika dini. Mtume (s.a.w.) amehimiza kuoa mwanamke mwenye mapenzi na mwenye kizazi, na ametaja mtoto mwema anayemuombea mzazi wake kuwa ni katika amali zisizokatika baada ya kufa. Lakini kupendeza si faradhi juu ya kila mtu. Jabir (r.a.) amesema, "Tulikuwa tukifanya azli na Qur'ani inateremka." Sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, tuna kauli mbili za wakubwa wetu: Ghazali anaihalalisha, Nawawi anasema ni makuruhu kwa kuwa ni njia ya kukata kizazi, ila hakuifanya haramu. Na Nawawi huyohuyo ambaye vitabu vyake tunavisomesha misikitini alikufa bila kuoa wala kuacha mtoto, na hakuna aliyesema alikuwa na dhambi. Sindano, vidonge, vijiti na kitanzi vinakisiwa juu ya azli, madhali havidhuru na mmekubaliana. Baraza la kimataifa la fiqhi lilipokutana Kuwait, Desemba 1988, lilipitisha hivyo: kupanga kwa muda kwa maridhiano kunafaa, kukata kizazi moja kwa moja hakufai ila kwa dharura ya kisheria.

Kwa hiyo kuchelewesha kwa sababu hujawa tayari, au kwa kuogopa maradhi ya kurithi, huna dhambi. Kufunga kizazi moja kwa moja bila dharura, hapana. Na kuikataa milele kwa itikadi kwamba kuwepo ni ubaya na Allah alikosea kuumba, hapo tatizo limeshahama kutoka tumboni limeingia kwenye tauhidi, na hilo ndilo nakukataza kwa nguvu zangu zote. Uamuzi pia si wako peke yako. Mumeo ana haki ya mtoto kama wewe. Asiambiwe "bado" miaka kumi wakati moyoni umeshasema "kamwe." Mwambie ulichoniandikia mimi.

Jambo moja linaniudhi na lazima niliseme. Mwanamke akileta hofu kama yako, baadhi yetu tunamtupia methali, "kila mtoto huja na riziki yake," tunageuka. Riziki ni kweli. Zitazameni aya mbili. Katika Al-An'am, 151, umasikini umeshaingia nyumbani, Allah anasema tunakuruzukuni nyinyi na wao. Katika Al-Isra, 31, wazazi wanauogopa umasikini ambao haujafika, akaanza na watoto: tunawaruzuku wao na nyinyi. Kila hofu imepewa dawa yake. Lakini aya zote mbili zinazungumza na watu wanaotaka kuua watoto waliokwishazaliwa. Hazikuteremka kumpa baba ruhusa ya kuzaa saba Mbagala na kuhamia Tandika kwa mke mwingine. Mtume (s.a.w.) amesema inamtosha mtu dhambi kuwapoteza wale anaowajibika kuwalisha. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea, na hiyo nayo tuisome mimbarini.

Sasa fanyeni hivi. Selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Ikiwa wewe na mdogo wako mlichangia baba na mama, na wewe huumwi, basi una uwezekano wa theluthi mbili kuwa unabeba kinasaba hicho. Nenda na mumeo mkapime damu. Mumeo akionekana hana hitilafu hiyo, watoto wenu hawataugua selimundu, ingawa wanaweza kubeba. Mkiwa nyote mnabeba, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa mtoto kuugua. Hapo mtakaa na daktari, maana tiba ya leo si ile ya mdogo wako. Iko dawa ya haidroksiyurea inayopunguza mashambulizi ya maumivu, na mtoto akigundulika mapema huangaliwa mapema. Mkiona hamuwezi, huo ni udhuru. Umar alipowarudisha watu wasiingie Sham kwenye tauni aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah. Alisema, "Ndiyo, tunaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah." Na mlango wa kulea yatima uko wazi, Mtume (s.a.w.) ameahidi kuwa na mlezi wake Peponi kama vidole viwili hivi. Bibi Aisha hakuzaa, na alipewa lakabu ya Ummu Abdillah kwa mtoto wa dada yake.

Kuhusu mama mkwe, usimjibu wewe. Mumeo ndiye mwanawe, amwambie kwa adabu kwamba kuna vipimo mnafanya na mnahitaji dua zake kuliko maswali yake. Na kama usiku hulali, huli, au unajikuta unatamani usingekuwepo wewe mwenyewe, mwambie daktari hilo pia siku hiyohiyo ya kipimo, na usisubiri ifike kama hali imekuzidi. Mtume ametukataza kutamani mauti kwa dhara iliyotupata, akatufundisha kusema: "Ee Allah, nihuishe madamu uhai ni kheri kwangu." Isome unapokwenda kulala.

Majibu yakitoka, njooni wote wawili baada ya Isha, siku yoyote isiyokuwa Alhamisi, tuzungumze tena. Na unapokuja niandikie jina la mdogo wako kwenye karatasi.

Wallahu a'alam.